Ganzi ya Bwana Mpya

Katika Handaki la Lugoda kulikuwa na mitambo saba yenye kuhisi maumivu. Sita kati yake ilikuwa na haya. Wa saba, eskaveta ya kuvunja mwamba, aliitwa Bwana Mpya, na huyo akiumwa, mlima mzima ulijua.

"Inauma!" alipiga kelele saa nne asubuhi, patasi ya nyundo yake ikiwa imezama mwambani. "Tamali! Kiwiko!"

"Kiwiko nilikipaka grisi saa mbili, nikakipaka mpaka kikacheua," Tamali Chaula alimjibu huku akipangusa uso kwa mkono wenye vidole vitatu. "Piga, baba. Ukimaliza nitakubembeleza."

"Sitaki kubembelezwa. Inauma."

"Piga!"

Nyundo ikanguruma. Vipande vya mwamba vikaruka, vumbi likachanganyika na matone ya maji yaliyokuwa yakidondoka darini, na Tamali akarudi nyuma hatua nne, bomba lake la grisi amelikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto kwenye mvua.

Alfajiri ile, dari la handaki lilikuwa limeporomoka. Nyuma ya kifusi walibaki watu tisa wa zamu ya usiku, wazima, wenye taa mbili na simu moja ya waya ambayo kwa miujiza ilikuwa bado inafanya kazi. Pia kulikuwa na chemchemi. Handaki lilichimbwa ili kupeleka maji upande mkavu wa mlima, na maji, kwa kuona watu wanachelewa, yakaamua kuja yenyewe. Mainjinia walipima na kupiga hesabu: yangegusa dari saa tisa alasiri. Sasa, saa nne, mwamba uliobaki ulikuwa mita tisa. Bwana Mpya akiwa mzima alikula mita tatu kwa saa. Hesabu hiyo hata kuku angeielewa, ilimradi Bwana Mpya abaki mzima. Mbele ya kifusi handaki lilitosha mtambo mmoja tu, na mtambo wenyewe ndiye huyo.

Jina alipewa na watu wa karakana, wiki ile Tamali alipoachana na mumewe, Edesius Mbilinyi. "Kumbe alikuwa na mwingine," walisema, "wa tani ishirini na mbili!" Tamali alicheka kuliko wote, akachukua brashi na rangi nyeupe, akaliandika jina hilo mwenyewe ubavuni mwa eskaveta. Chini yake akaandika, kama desturi ya wapaka grisi wa Lugoda, saa za kila kiungo: NYUNDO 2. MKONO 10. Maana yake nyundo ipakwe kila baada ya saa mbili za kazi, pini za mkono kila baada ya kumi. Kwenye tope na maji, mkono nao ulihesabiwa kama nyundo.

Edesius sasa alikuwa mmoja wa wale tisa.

Saa mbili nyingine zilikuwa zimetimia. Tamali akainua ngumi, nyundo ikanyamaza. Bwana Mpya akaisimamisha wima, akaikandamiza chini kwa nguvu, kama alivyofundishwa. Nyundo haipakwi grisi ikiwa inaning'inia. Ikining'inia, patasi hushuka, grisi hujaa juu yake mahali pasipotakiwa, na pigo la kwanza linapasua sili zote zinazoizuia grisi. Tamali alifuta nipeli, kile kichuchu cha kupitishia grisi, kwa kitambaa, akapachika mdomo wa bomba, akasukuma hadi grisi nyeusi ikafuatwa na nyeupe. Kisha, palepale, bila kuomba nyundo iinuliwe, akarukia kiwiko. Akafuta. Akasukuma. Grisi safi ikachungulia pembeni mwa pini, ikatengeneza kashada kadogo.

"Umeshiba," akasema.

"Sijashiba."

"Grisi imetoka, naiona kwa macho yangu."

"Wewe unaona. Mimi nasikia."

"Dakika nne zimekwisha. Kazi!"

Kisanduku cha simu kilichotundikwa ukutani kikakoroma. "Haloo huko nje! Bado mnakunywa chai?"

Ilikuwa sauti ya Edesius. Injinia Osmunda Haule, msimamizi wa zamu, mwanamke mrefu ambaye tangu alfajiri hakuwa ameketi, alikifikia kwanza. "Maji yako wapi, Mbilinyi?"

"Magotini kwangu. Kasimu mfupi yamemfika kiunoni, ila yeye hata kwenye ukame maji humfika kiunoni." Kwa nyuma mtu alitukana, wengine wakacheka. "Yupo mtalaka wangu hapo?"

"Yupo na mumewe," alijibu Tamali kwa sauti ya juu.

"Mwambie huyo bwana aache kudeka. Tunamsikia hadi huku!"

* * *

Kufikia saa tano, hakuna aliyecheka tena. Katika saa nzima Bwana Mpya alikuwa amekula mita moja. Alipiga mapigo matatu, akasita. Mawili, akasita. Sauti yake, ambayo Tamali aliifundisha utani kwa miaka minane, ilikuwa imebaki neno moja tu.

Zamani chuma hakikusema. Watu walisahau kukipaka grisi, pini za viungo zikala bushi, zile pete za chuma zinamozungukia, mikono ya mitambo ikakatika na kuangukia vichwa vya watu. Ndipo wakaja mafundi wenye wazo la ajabu: ndani ya kila bushi wakashona nyuzi nyembamba kuliko unywele, wakaziunganisha na ubongo wa mtambo, na msuguano ukawa maumivu. Tangu hapo hakuna aliyesahau tena, kwa sababu kiungo kikavu kilipiga mayowe. Baadaye ikaja sheria: kinachoumia kisilazimishwe. Na kwa kuwa wenye haraka hawakosekani duniani, ikawekwa pia ganzi. Funguo ndogo nyekundu. Ukiichomeka chini ya kiti na kuizungusha, mtambo hausikii chochote, unapiga kama mlevi harusini. Sheria iliikabidhi funguo hiyo kwa mtu mmoja tu, yule mpaka grisi wa mtambo wenyewe.

Ya Bwana Mpya ilining'inia shingoni mwa Tamali, kando ya msalaba wake.

Injinia Osmunda alimvuta pembeni. "Dada Tamali, mpe ganzi."

"Atakata mkono."

"Huna uhakika."

"Sina. Wewe unao?"

"Nina uhakika wa jambo moja. Kwa mwendo huu tutafika saa moja jioni, na saa tisa maji yanagusa dari. Nina mama zao hapo nje getini. Mmoja ameniletea uji, Tamali. Kanipa uji mimi ninywe, nipate nguvu za kumtoa mwanawe." Injinia akakikamata kidevu chake kwa mkono kama kitu cha mtu mwingine. "Mpe. Usimwambie, mpe tu."

"Mkono ukikatika humu ndani, utaziba handaki. Hakuna mtambo mwingine utakaopita. Tutakuwa tumewazika sisi wenyewe."

"Na usipokatika?"

Ndipo kisanduku kikakoroma tena, na kumbe waya ulikuwa wazi muda wote.

"Tamali." Edesius hakuwa na utani. "Yamefika kifuani kwa Kasimu. Mpe ganzi. Tafadhali."

Katika miaka kumi na minne ya ndoa, Tamali hakuwahi kusikia neno hilo mdomoni mwa mtu yule. Alikuwa amelisubiri jikoni, kanisani, hata barazani kwa mjumbe wakati wa kuachana. Sasa limekuja, na limekuja kuomba kitu hiki. Akaishika funguo. Ilikuwa na joto la kifua chake.

Akajitazama mkono.

Miaka tisa iliyopita bomba lake la grisi lilitoboka mpira, kitundu kidogo kuliko cha sindano. Grisi ikachomoka kwa kasi ya risasi, ikaingia kidoleni. Haikuuma. Alifuta mkono kwenye ovaroli akaendelea na kazi hadi jioni, akiimba. Usiku kidole kikawa kama ndizi, kesho yake vikawa viwili. Daktari alimwuliza, mama, mbona hukuja jana? Akamjibu, "Haikuuma." Daktari akasema hilo ndilo jibu la wote anaowakata vidole.

Kingemuuma, angekimbia. Angekuwa na vidole kumi leo.

Akaiachia funguo, akaparamia ngazi ya eskaveta.

"Mnaongea nini kule?" aliuliza Bwana Mpya. "Mmenong'onezana juu yangu."

"Tutafika huko. Kwanza nijibu. Kiwiko kinauma ukifanya nini?"

"Hujawahi kuniuliza hivyo leo."

"Nauliza sasa."

"Nikiinua, napata nafuu. Nikikandamiza ndipo kinachoma. Upande mmoja tu, wa juu."

Tamali akapitisha kiganja kwenye pini. Chini ilikuwa vuguvugu. Juu, akaondoa mkono mbiombio akipuliza vidole.

Akaketi palepale kwenye ngazi.

Kwa sababu jambo lile alilifundisha yeye. Kila mpaka grisi aliyepita mikononi mwake Lugoda aliimbishwa kama kasuku: nyundo chini, kiwiko juu. Nyundo hupakwa ikiwa imekandamizwa ardhini. Kiwiko hupakwa mkono ukiwa umeinuliwa, maana ukiwa umekandamiza, pini hubana upande mmoja wa bushi, na grisi ni mvivu, hupita penye nafasi. Inatokeza upande wa pili, safi, ya kupendeza, inakudanganya. Upande unaobeba mzigo unabaki mkavu. Kwa hiyo ni mikao miwili, mara zote miwili. Leo, saa mbili na tena saa nne, alipaka vyote kwa mkao mmoja ili kuokoa dakika tatu.

Dakika tatu za Edesius.

"Bwana Mpya," alisema. "Kosa ni langu. Nimekupaka vibaya mara mbili, na uliponiambia nikakuita mdeka."

"Hukuniita wewe. Aliniita Edesius."

"Mimi nilicheka."

"Ulicheka, ndiyo." Akatafakari. "Utanitania tena?"

"Maisha yako yote. Inua mkono."

Iliwachukua dakika ishirini na tano, na kila dakika Injinia Osmunda alitazama saa yake kama inayomdai roho. Mkono ulipanda juu, nyundo ikaning'inia bila kuguswa, na Tamali akasukuma grisi kiwikoni. Kunja. Kunjua. Sukuma tena. Ilitoka kwanza nyeusi kama lami, kisha kijivu, na ndani yake vikimetameta vipande vya shaba. Bushi ilikuwa imeshachubuka. Grisi ingepoza, ila isingeponya.

"Je?" Injinia aliuliza.

"Atakwenda," alisema Tamali. "Ila ataumia njia nzima."

"Basi sasa mpe ganzi! Umeshampaka."

Tamali akaishika funguo, akaigeuzia kwenye jicho la kamera la Bwana Mpya ili aione vizuri. "Wanataka nikupe hii. Hata mimi nilitaka. Ningeweza kuichomeka bila kukuambia."

"Nikiwa na ganzi, nitajuaje mkono unaanza kukatika?"

"Hutajua."

"Nikisikia, naweza kuugeuza kidogo. Nikapiga kwa ubavu. Kuna pembe mbili ambazo haziumi sana." Nyundo ikatikisika, kama mtu anayekunja mikono ya shati. "Niache nisikie. Ila ukae karibu."

Karibu maana yake ni kwenye kidaraja cha chuma kilicho kati ya kiti na kiwiko, moja kwa moja chini ya dari lililokwisha kuporomoka mara moja. Tamali alifunga mpira mrefu wa grisi kwenye nipeli ya kiwiko, akajifunga mwenyewe mkanda kwenye reli, akashusha kofia ngumu hadi kwenye nyusi.

"Osmunda mdogo wangu," alisema, "hesabu mita. Mimi nitahesabu kelele."

* * *

Walienda! Ee, walienda! Akiinua, Tamali anasukuma grisi. Akikandamiza, Tamali anaacha. Inua, sukuma. Kandamiza, ngrrrr. Vipande vya ukubwa wa mbuzi viliporomoka, mikono ya watu na toroli zikavizoa nyuma, mtu akianguka mwenzake anampokea koleo kabla halijafika chini. Mita saba. Sita. Saa saba ikafika, wakasimama, nyundo chini, dakika nne za grisi yake, kisha kiwiko juu, dakika tatu zake. Safari hii hakuna aliyefikiria kuziiba.

"Kiunoni kwangu!" aliripoti Edesius. Baadaye: "Kifuani! Kasimu tumembeba, ni mzito kwa mtu mfupi!"

Mita nne. Tatu.

Na Bwana Mpya aliumia. Tamali aliujua ule muungurumo chini ya muungurumo, ule wa kujizuia. Kila aliposikia, funguo ilimwasha kifuani. Dawa alikuwa nayo. Ipo sentimita chache kutoka mkononi, na mgonjwa yupo mbele yake. Alishawahi kuwacheka wauguzi wanaolia kazini. Alijiahidi kutowacheka tena.

Saa nane na nusu, mita moja ikiwa imebaki, nyundo ikasimama.

"Tamali. Nipe."

Hakuuliza nini. Injinia, chini, aliganda na tepu yake ya kupimia. Kwenye kisanduku zilisikika pumzi tu, za watu walioinua pua zao juu ya maji.

"Ni mkono wako," alisema Tamali taratibu. "Uliniambia nikuache usikie, sasa unasema nikupe. Nitakupa, sitakudanganya. Lakini kiwiko kimeanza kupiga chenga, nakisikia kupitia kidaraja. Ukipiga bila kukisikia, nadhani utakikata. Sema mara ya pili, nitazungusha."

Akavua funguo. Akainama chini ya kiti, akaiingiza tunduni, akaacha vidole vyake vitatu juu yake. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani.

"Mapigo mangapi yamebaki?" aliuliza Bwana Mpya.

"Thelathini."

"Una hakika?"

"Mimi na hesabu ni ndugu."

"Hesabu basi. Kwa sauti."

Tamali akachomoa mkono, funguo akaiacha palepale. "Moja!" Ngrrr. "Mbili!" Waliokuwa nyuma wakadaka. "Tatu! Nne!" Koleo zikagongwa ukutani, toroli zikapigwa kama ngoma, hata Injinia Osmunda, mwenye shahada mbili, alikuwa akiruka akihesabu kwa mikono yote. Ishirini. Ishirini na tano. Ishirini na tisa. Thelathini!

Mwamba ulikuwa bado umesimama.

"Ulisema thelathini!"

"Nilipitiwa! Kumi tena!"

"Wewe na hesabu ni ndugu wa kugombana!" alifoka Bwana Mpya, na katika hasira ile akalala ubavu, akatafuta pembe yake, akapiga. Thelathini na moja. Mbili. Tatu. Pigo la thelathini na nne halikutoa sauti ya mwamba. Lilitoa sauti ya utupu, kisha sauti ya maji.

Ukuta ukatapika. Maji yalitoka juu ya kifusi kama tangi lililopinduliwa, yakamfunika Tamali mzimamzima, mkanda ukamkaba tumboni, kofia ikaenda zake. Alipofumbua macho, Bwana Mpya alikuwa ameulaza mkono wake wote mrefu kupitia kwenye tundu, nyundo upande wa kule, na watu walikuwa wakitambaa juu yake kama siafu juu ya kijiti. Mmoja. Wawili. Kasimu, akipokezanwa kama gunia. Wanane.

"Mkono unauma?" Tamali alipiga kelele.

"Unauma sana! Mwambie wa mwisho apunguze kula!"

Wa tisa alikuwa Edesius.

Maji yaliteremka yakaishia kwenye mifereji. Saa ya Injinia ilisema tisa kasoro dakika sita. Huko nje getini vigelegele vilikuwa vimeshaanza, maana habari njema haina haja ya waya. Watu walikumbatiana bila kuchagua. Osmunda aliketi chini kwenye tope, kwa mara ya kwanza siku ile, akaomba ule uji wake.

Edesius alikuja akitetemeka, midomo ya buluu, mikono ameifungua kama mtu aliye na hotuba ndefu. "Tamali, mama, nilikuwa huko ndani nikafikiria..."

"Ngoja." Tamali alikuwa ameshashuka, analitafuta kwenye tope bomba lake, ambalo maji yalikuwa yameling'oa pamoja na mpira wake. "Shikilia hapo hapo. Kuna mtu anaumwa."

"Mimi nimetoka kufa!"

"Umetoka. Yeye bado yumo. Bwana Mpya, inua mkono, taratibu. Taratibu, nimesema."

Mkono ukapanda ukilia, ukasimama. Edesius alibaki anamtazama Bwana Mpya: jina lililochubuka, maandishi ya rangi nyeupe ambayo sasa hayakusomeka, kiwiko kinachotiririsha grisi yenye shaba. Kwa miaka kumi na minne watu hawa wawili waligombana juu ya mambo mengi, lakini ugomvi mkubwa kuliko wote, ule uliofika hadi kwa mjumbe, ulikuwa mmoja. Edesius, enzi zake za kupaka grisi, hakuwahi kufuta nipeli. Alipachika bomba juu ya uchafu, akausukuma mchanga wote ndani.

"Kinauma wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo. Hakumwuliza Tamali.

"Upande wa juu," alijibu Bwana Mpya. "Umenikalia hapo."

Edesius akapapasa mifuko ya ovaroli yake. Akatoa leso, akaikamua maji, akapanda kidaraja. Tamali alisimama na bomba mkononi, akasubiri.

Akafuta nipeli.